Monita yangu ilivyomgeuza bibi kuwa mgeni kwenye msiba wake mwenyewe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Wanaonifahamu humu wananijua kutoka jukwaa la vichekesho. Nikifungua uzi, watu wanajua hapa hakuna la maana. Leo nimevuka barabara hadi jukwaa la teknolojia na sichekeshi. Ukijikuta umecheka, umecheka mwenyewe, na kuna mtu mmoja aliyelala Tabora atakuwa amefurahi.

Haya yametokea nyumbani kwetu Cheyo, hapa Tabora, likizo iliyopita. Sijaongeza chumvi. Nimepunguza, kwa sababu mama naye ana simu.

Mimi nipo kidato cha tano. Nina kompyuta ya mezani, mtumba. CPU nilipata kwa jamaa mmoja, monita nikapata kwa mwingine, nikaziozesha mwenyewe bila mahari. Kazi zangu ni mabango ya mahafali, kadi za harusi, na kuwawekea walimu vichwa vya mbuzi. Mwalimu wa nidhamu, kama unasoma hapa, hiyo ya mwisho ni ya mtu mwingine.

Sasa bibi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ananiita "mume wangu". Nikitoka shule anauliza, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Namjibu, "Mke wangu, leo nimeleta njaa." Huo ndio ulikuwa mchezo wetu tangu nimeanza kuongea. Mjukuu na bibi yake ni watani, na mimi na yeye tulikuwa tunaufanya utani huo kama ajira.

Alikuwa mweusi. Naomba mlishike hili maana uzi wote umesimama hapa. Mweusi tii, ule weusi unaong'aa kama umepakwa mafuta hata siku ambayo hajapaka. Na alikuwa anauringia. Muuza duka akimwonyesha mafuta ya kung'arisha ngozi, anamuuliza, "Wewe mtoto, chungu kikishakolea moto unakirudisha kwa mfinyanzi?"

Bibi akafia mbali, kwenye hospitali kubwa alikopelekwa.

Safari ya kumrudisha ikawa ndefu, mambo yakaingiliana, mengine siwezi kuyaandika hapa. Wazee walikaa wakaamua: jeneza halitafunguliwa. Watu wataaga picha.

Kwa wengi wetu ilikuwa sawa, tuliishi naye. Tatizo lilikuwa mama mdogo Neema, kitinda mimba wa bibi. Ameolewa Masasi, kule mwisho wa nchi, na mara ya mwisho kuja nyumbani mimi nilikuwa bado nalala na bibi kitanda kimoja. Alikuwa njiani, kwenye basi, analia kwenye simu kila akipata mtandao. Alikuwa anauliza swali moja tu: "Mama nitamwona?"

Mjomba akatafuta nani atengeneze hiyo picha. Mimi hapo nimesimama.

Mama akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Neema atamuaga mama yake kwenye karatasi. Hakikisha ni mama yake."

Nikasema, "Mama, hiyo kazi ndogo."

Wakuu, hiyo kauli bado inaniuma.

Picha nzuri ya karibuni ilikuwa kwenye simu ya mama. Bibi amekaa kwenye kigoda uani, amejifunga khanga yake ya rangi ya damu ya mzee yenye pindo la njano, mapajani ameshika bakuli jeupe la bati lenye matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Anacheka. Nyuma yake kuna mbuzi wa jirani, na kwenye kamba kuna boksa yangu imeanikwa. Ni wazi boksa yangu haikustahili kutangulia jeneza la mtu.

Nikaihamishia kwenye kompyuta. Nikafuta mbuzi, nikafuta boksa, nikaweka nyuma rangi tulivu.

Halafu nikamtazama bibi. Kwenye screen alikuwa amefifia gizani, na ana unjano unjano kama mtu anayeumwa ini. Nikasema hii simu ya mama ni kimeo. Nikapandisha mwanga usoni. Nikavuta rangi kutoka kwenye njano kwenda kwenye bluu, kidogo, nikaongeza tena kidogo, mpaka akatokea bibi ninayemjua. Weusi wake ule ule, mng'ao ule ule.

Nikasevu juu ya ile ile, nikaweka kwenye flash, nikaenda mjini kwa Amir.

Amir ana studio ya picha. Ni Mhindi wa ukoo wa wauza vitambaa, wapo hapa Tabora tangu enzi za babu wa babu yake, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Siku hiyo alikuwa na foleni ya watu wa pasipoti saizi. Akaprinti, akaingiza kwenye fremu, akaizungushia gazeti, akanipa pole ya msiba. Sikuifungua pale. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nimefika nyumbani, nimeifungua chini ya turubai, mbele ya kwaya ya akina mama wa kanisani kwetu, Wamoraviani.

Jamani.

Kwenye fremu alikuwepo mwanamke mmoja wa rangi ya majivu, ana ubluu kwenye mashavu, amevaa khanga ya zambarau. Anafanana na bibi kama vile binamu anavyofanana na mtu.

Akili yangu ikatafuta pa kujificha. Turubai lilikuwa la bluu, nikajiambia ni mwanga wa turubai. Nikaiegemeza mezani penye maua, nikarudi nyuma, nikasubiri.

Mjomba akaitazama muda, akasema, "Inapendeza."

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mungu ampumzishe," akaangalia pembeni.

Mama yangu akaja, akaitazama, akanishika bega. "Umejitahidi, baba."

Wakuu, kwa Kiswahili hiki chetu, ukiambiwa umejitahidi ujue umeharibu. Lakini ni msiba. Nani atamsema mtoto kwenye msiba kwa sababu ya picha? Wote wameona, wote wamemeza. Na mimi nimeona kwamba wameona, na nimemeza pia. Ningeiacha vile vile. Nawaambia ukweli, ningeiacha.

Ndipo akaingia Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa ni Mzaramo wa pwani, aliolewa Tabora zamani, jirani yetu. Wanaojua wanajua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na msibani mtani ana leseni. Anatukana, anachukua vitu, anaigiza marehemu, na hakuna wa kumgusa. Yeye na bibi walikuwa wanatukanana kila asubuhi kwenye uzio, na siku asipotukanwa mmoja wao, mwenzie anatuma mtoto kuuliza kama kuna mgonjwa.

Aliingia kwa kelele. Alishapita chumbani kwa bibi akachukua ile khanga ya damu ya mzee, amejifunga, anatembea mwendo wa bibi, mkono mmoja kiunoni, anachechemea mguu ule ule aliochechemea bibi.

"Wanyamwezi nyie!" akapiga kelele. "Mababu zenu walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, wakala mihogo yetu, wakaondoka hawajaaga! Na leo huyu naye kaondoka hajaaga! Ndio tabia yenu!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu simu ya hospitali ipigwe.

Bi Mwanahawa akafika kwenye meza ya maua. Akasimama. Mkono ukatoka kiunoni.

"Huyu nani?"

Watu wakayaangalia maua.

"Nauliza, huyu mgeni nani? Mtani wangu yuko wapi?" Akageuka kwa watu. "Mtani wangu alikuwa mweusi kama sufuria la msibani. Huyu kapakwa unga wa muhogo! Au ndio ile mihogo yetu mliyoiba, sasa inawatokea usoni?"

Kicheko kililipuka hadi kwa wanaume waliokaa nje kwenye moto. Halafu kikakatika, maana mama yangu alikuwa ameanza kulia, kilio cha tofauti.

"Mwanahawa," akasema, "mimi nimeshindwa kusema."

Bi Mwanahawa akanitafuta kwa macho. "Mume wa marehemu, njoo hapa."

Nikaenda. Sikuwa na mzaha hata mmoja mfukoni.

"Wewe ndiye umemchora huyu?"

"Ndiyo, bibi."

"Kesho asubuhi Neema anashuka kwenye basi. Unataka akamlilie nani?"

Nilichukua fremu, nikachukua baiskeli.

Sasa wataalamu, sogeeni, maana mtanisema.

Nilifika kwa Amir nimepandisha mori. "Kaka, printa yako imeharibu." Hakubishana. Akaniwekea mkononi picha ya harusi aliyotoka kuprinti dakika hiyo, bwana harusi mweusi vizuri tu, suti nyeusi, shela jeupe. Akafungua faili langu kwenye monita yake: bibi wa majivu. Akaniambia nilifungue kwenye simu yangu: bibi wa majivu.

"Printa, monita yangu na simu yako vinasema kitu kimoja," akasema. "Kinachosema tofauti ni kipi?"

"Monita yangu."

"Basi hukumtengeneza bibi. Ulitengeneza faili lipendeze kwenye screen inayodanganya."

Nikamuuliza kama ana kile kifaa cha kubandika kwenye kioo kupima rangi. Akacheka kidogo, akasema labda Dar. Akaniambia nianze na vitu vya bure: mwanga wa usiku, vitufe vya monita yenyewe, halafu profaili, lile faili linaloiambia kompyuta rangi zionekane vipi kwenye monita. Na akasema hatafunga mpaka nirudi. Huyo ni mtu ambaye familia yake huwa inamsubiri kwa chakula.

Nyumbani nikaanza. Night light, ile inayofanya screen iwe ya machungwa jioni: ilikuwa imezimwa. Na hilo ndilo nililolitegemea.

Nikaenda kwenye vitufe vya monita. Hapo nikakuta joto la rangi limewekwa Warm na mwanga uko chini kabisa. Aliyekuwa nayo kabla yangu nadhani macho yalikuwa yanamuuma. Nikarudisha kila kitu kama ilivyotoka kiwandani. Screen ikapata uhai, lakini ukurasa mtupu bado ulikuwa na rangi ya karatasi iliyofungiwa maandazi.

Nikafungua Color Management. Mwaka mzima nina hiyo kompyuta, sijawahi kuingia humo. Na humo ndimo alimokaa mchawi.

Kwenye orodha ya profaili, ile iliyowekwa kuwa ya kudumu ilikuwa na jina la monita ambayo siyo yangu. Nikageuza monita nikasoma nyuma, nikarudi mbele. Siyo. Ikanijia pole pole: CPU ilikuja na profaili ya monita yake ya zamani. Monita ile labda ilikuwa na ubluu mwingi, mwenye nayo akaitengenezea profaili ya kuipunguza ubluu. Mimi nikaja na monita nyingine isiyo na kosa hilo, kompyuta ikaendelea kutibu ugonjwa ambao haupo. Mwaka mzima nimevaa miwani ya mtu nisiyemjua, na nimejiita fundi.

Nikaiondoa. Nikaweka sRGB, ile ya kawaida inayotumika kote. Nikazima, nikawasha.

Nikafungua faili langu.

Bibi wa majivu akanitazama kutoka kwenye screen yangu mwenyewe. Wakuu, nilipata ahueni na aibu kwa pamoja. Ahueni kwa sababu sasa mimi na dunia tunaona kitu kimoja.

Kile kisehemu cha kompyuta cha kurekebisha rangi nacho nilikipitia, vile vidoti vya gamma, yaani vya kupima giza na mwanga, na vile vipande vya kijivu, unasogeza mpaka kijivu kiwe kijivu kweli. Lakini nikabaki na wasiwasi. Macho yangu ndiyo yale yale yaliyonidanganya asubuhi. Nitajuaje?

Nikaikumbuka picha. Kwenye picha kuna vitu viwili ambavyo bado vipo hapa nyumbani, naweza kuvishika: bakuli na khanga.

Bakuli nililikuta jikoni lina maharage ya waombolezaji. Nikamwaga maharage kwenye sufuria, nikaosha, nikakimbia nalo, shangazi mmoja nyuma yangu akiuliza kama nimechanganyikiwa.

Khanga ilikuwa kwenye mwili wa Bi Mwanahawa.

Nguo za marehemu kwetu hazichezewi mpaka wazee wakae wagawe. Mwenye ruhusa ya kuitembeza ile khanga siku ile alikuwa mtani peke yake. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake pale mkekani.

"Bibi, naomba uje ukae na kompyuta yangu."

"Nije nifanye nini?"

"Uwe kipimo."

Akawageukia wanawake wenzake. "Mmesikia? Mjane wa kiume keshaanza kutafuta mwingine!" Lakini aliinuka.

Nikasogeza meza dirishani, upande usiopata mwanga wa turubai. Bi Mwanahawa akakaa kwenye kiti pembeni ya monita, bakuli mapajani, kama bibi alivyokaa. Nikafungua ukurasa mweupe mtupu, nikalinganisha na bakuli. Bado kidogo. Nikapunguza mwanga wa monita, nikasogeza kijani nukta moja, mpaka weupe wa screen na weupe wa bati vikaacha kugombana.

Ile picha niliyoiharibu nikaitupa. Nikaomba simu ya mama, nikaichukua ile ya mwanzo kabisa, na mbuzi wake na boksa yangu. Nikaifungua.

Khanga kwenye screen, damu ya mzee. Khanga kitini, damu ya mzee. Pindo la njano kwa pindo la njano.

Na juu ya khanga, bibi. Mweusi tii. Anacheka. Hakuwa na giza, hakuwa na unjano, hakuwa anaumwa kitu chochote. Simu ya mama ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nikageuka nimuulize Bi Mwanahawa anaonaje. Nilitegemea tusi.

Alikuwa amelishika bakuli kwa mikono miwili na machozi yanadondokea ndani yake.

"Bibi, vipi?"

"Nyamaza wewe. Naongea na mtani wangu."

Nikageukia dirisha. Halafu akajifuta kwa pindo la khanga, akaninyooshea kidole. "Mtoe mbuzi. Toa na kichupi chako. Yeye usimguse hata unywele."

Sikumgusa.

Amir alikuwa bado yupo, mlango nusu umefungwa. Safari hii aliprinti kwanza kipande kidogo, uso tu, tukatoka nacho nje barabarani tukakiangalia kwa mwanga wa jua. Hakusema inapendeza wala umejitahidi. Alisema, "Huyu namjua. Alikuwa akija kwa baba kununua vitambaa, anamwita baba mwizi." Akaingia ndani akaprinti kubwa.

Asubuhi mama mdogo Neema alishuka kwenye basi, mjomba akamleta. Kwaya ilikuwa inaimba. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye meza ya maua, karibu na jeneza lililofungwa, na mimi nilikuwa nimesimama pale kwa sababu ndiye niliyepangwa kubeba picha kwenda makaburini.

Aliitazama. Mimi nilikuwa nautazama uso wake, natafuta ile ya kuangalia pembeni.

Aliweka kiganja kwenye kioo, kwenye shavu la bibi.

"Mayo," akasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Mayo, leo umeshinda shambani. Jua limekukolea."

Akacheka. Kweli kabisa, alicheka, kwa sauti ya bibi. Halafu akamwegemea Bi Mwanahawa, wakakaa chini wote wawili na ile khanga, na hapo ndipo mama mdogo akamlilia mama yake.

Mimi nilikuwa nimeandaa utani wa makaburini. Bibi alishaniagiza, "Nikifa usinililie kama jogoo aliyekosea saa, nichekeshe." Nilibeba picha mpaka kaburini, nikafungua mdomo, haukutoka. Bi Mwanahawa akasema kwa niaba yangu, "Mume kazidiwa, mwacheni." Ikahesabika.

Mafunzo, kwa wale mnaoruka hadi chini. Ukinunua kompyuta ya mtumba, kabla hujaedit hata kidole cha mtu, ingia Color Management uone profaili ni ya nani. Usiamini screen moja, peleka picha kwenye simu mbili tatu. Usihukumu printi chini ya turubai la bluu. Tafuta kitu halisi kilichomo kwenye picha, kishike mkononi, kipeleke dirishani.

Na ukiona watu wote wanakwambia umejitahidi, mtafute mtani wako.

Kompyuta yenyewe kila ikijisasisha huwa ina tabia ya kubadilisha setingi bila kuniuliza. Siogopi tena. Nimemweka bibi kwenye wallpaper, na bakuli, na mbuzi nimemrudisha. Nikiwasha nikaona kapauka, najua kuna profaili imeingia bila hodi. Nikiwasha nikamkuta ni yeye, namwambia, "Mke wangu, leo nimeleta njaa," halafu naanza kazi.

Wenye kifaa cha kupimia rangi huku mikoani, mnakipata wapi? Na nyie wa makabila mengine, watani wenu msibani wanawafanyaje? Tiririkeni hapo chini, ila anayetaka kuniuliza kuhusu boksa apite kimya kimya.